Watu wa juu tunaishi kwa kutazama dari: shajara ya Paris na London, Juni 2024

Jumapili usiku, ndani ya basi

Basi limetoka Köln usiku huu na Paris tutaamkia. Mkataba wa hema niliokuwa nao umeisha, mwingine unaanza mwezi wa saba, na hapo katikati hakuna mtu atakayekulipa kwa kupumua, ndo maisha ya sarakasi huku Ulaya, kuna miezi unapiga shoo mbili kwa siku mpaka unasahau jina la mji na kuna miezi unahesabu chenji. Nikasema badala ya kulala chumbani nikichezea simu ngoja nifanye ile safari niliyokuwa naisogeza mbele kila mwaka.

Kwa wasionijua, mi mtoto wa Temeke, nafanya sarakasi za juu, za kuning'inia hewani kwenye kitambaa na mikanda. Nasema za juu kwa sababu wenzetu wengi kutoka Tanzania na Kenya ni watu wa chini: piramidi, kuruka pete, limbo, viti, kubebana vichwa kama wale Ramadhani Brothers waliotikisa Marekani. Watu wa juu tupo wachache, na sababu wala haina siri yoyote, ntaisema nikifika kwenye siku yake.

Ninayemfuata anaitwa Miss La La. Jina la kuzaliwa Anna Olga Albertina Brown, kazaliwa 1858 Stettin, mji wa bandari upande wa Baltiki, zamani hizo Prussia na leo ni Poland, unaitwa Szczecin. Mama mzungu wa hukohuko, baba Mmarekani mweusi. Sarakasi kaingia akiwa na miaka tisa hivi. Alikuwa anafanya trapizi, ile bembea ya juu, lakini kilichompa jina ni meno: anapandishwa juu kabisa ya jengo akiwa ameuma kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye kamba, basi, hakuna mkanda wala kamba ya pili. Mwaka 1879 mchoraji Edgar Degas akaenda kumtazama Paris na akamchora, mchoro uko National Gallery ya London na tarehe 6 mwezi huu wamefungua maonyesho yanayomhusu yeye peke yake. Kwa hiyo mpango ni huu, Paris kwanza kwenye majengo aliyofanyia kazi au mabaki yake, halafu London kwenye mchoro. Jirani yangu wa siti amevua viatu. Tutafika tu.

Jumatatu, Paris

Nimeshuka Bercy macho mekundu, na kumbe jana usiku Macron kavunja bunge baada ya matokeo ya uchaguzi wa Ulaya, kila mtu kwenye metro anasoma simu uso umekunjamana. Mi nimetafuta kahawa nikaenda zangu Filles du Calvaire.

Cirque d'Hiver, jumba la sarakasi, iko mtaa wa Amelot na ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani ni bunge la nchi ndogo. Jengo lina pande ishirini, limezungukwa na michoro ya kuchongwa, mlangoni kuna masanamu ya wapanda farasi. Lilifunguliwa Desemba 1852, likaitwa Cirque Napoléon kwa heshima ya mkubwa wa wakati huo, na linatumika mpaka leo, familia ya Bouglione wanalo tangu 1934. Majira ya joto hawana shoo, msimu wao ni kuanzia vuli, kwa hiyo leo mlango umefungwa na mimi nimezunguka nje tu. Ila ndani nimeshawahi kuingia msimu wa baridi mmoja kwa tiketi ya siti za nyuma kabisa, na nikawa natazama paa kuliko shoo. Kubwa vile na katikati hakuna nguzo hata moja. Jamaa aliyelichora, Hittorff, alikuwa anawaza watazamaji waone farasi vizuri bila kuzuiwa na kitu, lakini bila kujua akawa ametujengea sisi, maana nafasi tupu katikati ndo shamba letu.

Na kweli haikuchukua muda. Tarehe 12 Novemba 1859, humo ndani, kijana wa Toulouse anaitwa Jules Léotard akaachia trapizi moja akaruka akadaka nyingine. Leo mtu akikuambia trapizi ya kuruka unaona kitu cha kawaida, lakini kabla ya usiku ule watu walikuwa wanabembea na kujinyonganyonga kwenye bembea moja tu, hakuna aliyeiacha hewani akaenda nyingine mbele ya watu. Baba yake alikuwa na jumba la mazoezi na bwawa la kuogelea, dogo akajifunzia juu ya maji, akidondoka anaogelea. Alikufa 1870, hajafika hata 35, na aliondoka na ugonjwa, wala hakudondoka. Ile nguo ya kubana ambayo sote tunavaa hata mazoezini ni yeye aliyeizoesha watu, mpaka Waingereza wakaiita kwa jina lake.

Nimekaa kwenye benchi karibu pale nakula mkate na jibini huku nawaza bwawa. Dar tuna bahari nzima lakini hatuna sehemu ya kufunga bembea juu yake.

Jumanne, Montmartre

Leo nimetafuta Cirque Fernando, jumba la sarakasi ambamo Degas alimtazama Miss La La, pale kona ya boulevard de Rochechouart na rue des Martyrs. Nilijua haipo. Ilijengwa 1875, baadaye ikaitwa Medrano, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikavunjwa, sasa limesimama jengo la makazi tu, watu wameanika nguo kwenye baraza na chini magari yanapigana honi. Nimesimama upande wa pili wa barabara najaribu kupima kwa macho kuba lingefika ghorofa ya ngapi. Mzee mmoja mwenye mbwa kaniuliza natafuta nini, nikamwambia sarakasi, akanyoosha mkono akasema ilikuwa hapo, kaka yake alimpeleka akiwa mdogo, halafu akaendelea na mbwa wake.

Januari 1879 Degas alikuwa anakuja hapa usiku baada ya usiku. Siyo yeye tu, Renoir naye mwaka huohuo kachora watoto wawili wa sarakasi ya hapahapa. Montmartre ilikuwa mtaa wa bei rahisi, wachoraji wanaishi jirani, tiketi siyo ghali, na ndani kuna taa, kuna wanyama, kuna watu wa ajabu. Miss La La alikuwa na kundi la Kaira, mwenzake mkuu ni Theophila Szterker, jukwaani anaitwa Kaira, mmoja mweupe mmoja mweusi na walikuwa wanacheza pamoja kama vipepeo wawili.

Mambo aliyokuwa anafanya yule dada ukiyasoma unarudia mstari. Ananing'inia kichwa chini, magoti yameshika trapizi, halafu mdomoni ameuma mnyororo, kwenye mnyororo kuna mzinga wa chuma, na mzinga unalipuliwa hapohapo. Mabango yakamwita Mwanamke Mzinga. Mengine yakamwita Venus Mweusi. Hakuna bango lililosema Anna Brown wa Stettin, hilo lisingeuza tiketi.

Hapa nisimame kidogo. Mwaka juzi kuna wakala mmoja, jina linabaki kwangu, aliniambia namba yangu, yaani onyesho langu la kitambaa, ni nzuri sana ila wateja hawataelewa, niweke vazi la chui na chini wapige ngoma. Kitambaa chenyewe ni kifaa cha juzi, kimeenea miaka ya 1990 na Wafaransa ndo walikivalia njuga, bibi yangu Mzaramo hajawahi kukiona, sasa chui anaingiaje? Nilivaa. Kodi ya nyumba haijui sanaa. Lakini tangu siku ile nikiona bango la 1879 sicheki tena, naangalia tu nani alilipwa.

Kutoka pale nimetembea mpaka Château Rouge, siyo mbali, soko la Waafrika, mihogo, ndizi, samaki wakavu, pilipili zile zenyewe. Kuna mama wa Bukavu anauza mboga, nimemsalimia Kiswahili akafurahi mpaka kaniongezea fungu la matembele. "Unafanya kazi gani huku, binti yangu?" Nikamwambia naning'inia kwenye kitambaa watu wanalipa kutazama. Kanikagua mikono, kaona sugu, akasema kumbe na wewe unalima. Aksanti sana mama.

Jumatano, mazoezi

Rafiki yangu Mfaransa kaniingiza kwenye ukumbi wao wa mazoezi nje kidogo ya mji, zamani ghala, mita kumi kwenda juu, boriti za chuma zimepangwa vizuri na kila moja imeandikwa uzito inaobeba. Nikiona maandishi yale natamani kulia kwa wivu.

Hii ndo sababu niliyosema ntaieleza. Sarakasi ya kisasa Tanzania ina historia nzuri tu, miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu ilipeleka vijana China kujifunza, wakarudi likaundwa kundi la taifa la sarakasi, na ukiangalia piramidi na viti vya vijana wa leo pale Dar, au wanaofundishwa chuo cha sanaa TaSUBa Bagamoyo, China unaiona ndani yake. Kilichokosekana ni paa. Mtu wa chini anahitaji mchanga wa ufukweni na wenzake wanne wenye mabega. Mtu wa juu anahitaji sehemu ya kufunga, na sehemu hiyo lazima awepo mtu wa kuiapia. Kumbi zetu nyingi ni za mikutano na harusi, dari ni jipsamu, ukining'inia pale unashuka nayo. Mi kitambaa changu cha kwanza kilifungwa kwenye tawi la mwembe uwani kwa shangazi, kitambaa chenyewe cha mtumba tulichotoa Karume, na mwalimu wangu alikuwa anapima tawi kwa kuning'inia yeye kwanza kisha wanafunzi wawili kwa pamoja. Mwembe ule tuliuamini kuliko ukumbi wowote. Msimu wa maembe mazoezi hayafanyiki, watoto wa mtaa wako juu.

Leo kabla sijapanda nimetumia karibu nusu saa kukagua vyuma. Karabina, kile chuma cha kuunganishia kamba, ina maandishi ubavuni, kN 22 kwa mfano, maana yake kwa urefu wake inahimili kama tani mbili na kilo mia mbili. Mtu anaweza kusema sasa wewe una kilo 58 unahitaji tani mbili za nini. Kwa sababu ukijiachia kutoka juu kitambaa kikakudaka, kile kishindo kinakuzidi uzito mara kadhaa, na kinafanya hivyo kila siku, shoo mbili, miezi mitatu. Chuma kinachoka bila kukuambia. Chini ya karabina kuna kile chuma kinachozunguka ili kamba isijisokote, hicho ndo nakikagua mara mbili, nakizungusha karibu na sikio, kikiwa na mchanga ndani kinatoa sauti ya kusaga. Nati yake naipitisha ukucha kutafuta ufa.

Ukitaka kujua kwanini, msome Lillian Leitzel. Alikuwa malkia wa sarakasi za Marekani enzi zake, mwanamke mfupi mwenye mabega ya baharia, namba yake ilikuwa kushika pete kwa mkono mmoja na kujirusha mzima mzima juu ya bega lake, bega linachomoka na kurudi, tena na tena, na watazamaji wanahesabu kwa sauti. Februari 1931 alikuwa Copenhagen kwenye ukumbi wa Valencia, akiwa juu kikakatika chuma kinachozunguka kwenye pete yake. Alidondoka, akawaambia wenzake yuko sawa, siku mbili baadaye akafariki. Mkono wake haukukosea kitu. Chuma tu.

Nimepanda mara tatu leo na kushuka vizuri, nyuma ya magoti nimeungua kidogo na kitambaa, hiyo haiishi hata ukae miaka ishirini kwenye kazi. Rafiki yangu alikuwa kwenye kamba ya kunivuta. Kuna watu wa juu hawaongei na anayewavuta, wanamwona fundi tu, mi siwaelewi kabisa. Anayeshika kamba yangu nataka nijue kalala saa ngapi.

Alhamisi, Gare du Nord mpaka St Pancras

Viza ya Uingereza niliiomba mapema, paundi 115 na makaratasi mengi kama nimeomba kuoa mtoto wao. Ukaguzi wa Waingereza unafanyika hukuhuku Paris kabla hujapanda treni. Afisa kaniuliza kazi, nikasema msanii wa sarakasi za juu, kainua macho.

"Unakwenda kufanya shoo?"

"Hapana, nakwenda kutazama mchoro."

"Mchoro gani?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Kautazama muda kidogo, akauliza ameshika nini mdomoni, nikamweleza, akashika taya lake mwenyewe halafu kagonga muhuri. Treni ni saa mbili na ushee, chini ya bahari dakika ishirini hivi, masikio yanaziba kidogo basi. Nimelala njia nzima. Nimefikia kwa kaka mmoja wa Likoni niliyefanya naye kazi Ujerumani, ntamwelezea baadaye.

Ijumaa, National Gallery

Ijumaa wanafunga saa tatu usiku kwa hiyo nimeenda jioni watu wakipungua, na wengi leo wako baa maana Ujerumani inafungua Euro na Scotland (tano moja, maskini). Jumba lenyewe mwaka huu linatimiza miaka 200.

Nilikuwa nimeuona ule mchoro kwenye simu mara nyingi sana na kwenye simu unadanganya. Kwanza ni mdogo kuliko nilivyodhani, mita 1.17 kwenda juu na upana chini ya mita. Pili rangi. Kuta za kuba ni chungwa iliyowiva, mbavu zake kijani, na yeye yuko juu upande wa kushoto siyo katikati, wewe mtazamaji uko chini kabisa shingo imekunjika, unamwona kutoka miguuni. Mikono kaitandaza, magoti kayakunja, kichwa kimerudi nyuma, kamba inatoka mdomoni kwenda juu na kutoka nje ya mchoro. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyechorwa. Hakuna uwanja. Yeye na paa.

Watu waliokuwa wanasimama karibu yangu walikuwa wanasema anaruka, anaelea, malaika. Mi nimeangalia shingo. Ukiwa unavutwa kwa meno uzito wote unapita kwenye taya unaingia shingoni unashuka mgongo, kwa hiyo lazima kichwa kirudi nyuma ili mdomo uwe juu kabisa na mwili unyooke chini yake, na ile mikono aliyoitandaza ni breki, bila mikono unaanza kuzunguka na ukishaanza kuzunguka kwa meno hakuna wa kukusimamisha. Magoti yaliyokunjwa yanavuta tumbo likaze. Kila kitu kwenye mwili ule kinafanya kazi, hakuna kiungo kilichopumzika hata kimoja. Degas aliona hayo, lazima nimpe haki yake, wachoraji wengi wangempa uso wa kutabasamu.

Kwenye maonyesho wameweka na michoro ya maandalizi, na hapo ndo nimekaa sana. Huyu mzee mwili wa binadamu alikuwa anaujua vizuri, miaka yote anachora wacheza baleti. Kilichomtoa jasho ni paa. Mbavu za kuba, madirisha, zinainamaje ukitazama kutoka chini, anachora anafuta, anajiandikia pembeni, na inasemekana mwishowe akaita mtaalamu wa kuchora majengo amnyooshee. Mi nimecheka peke yangu pale mpaka mlinzi kaniangalia. Kwa sababu ndo hivyohivyo kwetu, ukifika ukumbi mpya mwili unaujua, namba unaijua, wiki nzima unagombana na paa.

Kuna picha zake za kamera pia. Amesimama kawaida chini, ardhini, nguo ya jukwaani, mabega mapana, macho yanakutazama moja kwa moja bila kuomba kitu. Mtu wa kuitwa Venus Mweusi na majina mengine ambayo sitayaandika, akiwa na miaka ishirini tu pale 1879. Kaira, yule mwenzake, alidondoka akafa 1888. Mwaka huohuo Anna akaolewa na Mmarekani mweusi, msanii wa kujikunja viungo, wakapata mabinti watatu, na mabinti nao wakapanda jukwaani. Sijui, hapo mi nafsi imenigoma kidogo. Mwenzako amekufa kazini, unaolewa, unazaa, na watoto unawaachia waingie kazi ileile. Lakini labda nyumba ile hawakuwa na chakula kingine, na labda watoto walipenda tu, mama yangu naye hakunizuia.

Nilitafuta kitu kimoja nikakikosa, nani alikuwa anavuta kamba. Kamba ile inapita kwenye kapi kule juu halafu inashuka chini kwa mtu, au watu wawili watatu. Kwenye mchoro hawapo, kwenye maelezo ukutani hawapo. Kuna mtu alisimama Cirque Fernando Januari 1879 mikono imejaa kamba akimpandisha yule dada taratibu bila kustua, maana ukistua meno yanatoka, na kila usiku alifanya sawasawa. Ningependa kumjua kuliko Degas.

Jumamosi, Westminster na Hoxton

Machi 1879, Degas bado anahangaika na paa lake, Miss La La alikuwa ameshahamia London, Royal Aquarium ya Westminster. Aquarium ni jina, waliijenga 1876 wakisema watu waje kuona samaki na kusikiliza muziki mzito, biashara ikadoda wakageukia sarakasi. Ilivunjwa 1903 na pale limejengwa jumba la Wamethodisti, Methodist Central Hall, kubwa lina kuba lake, ng'ambo ya kanisa la wafalme. Nimeingia, wanaruhusu, nimekaa nikatazama juu. Kuba zuri. Hawatanifungia kitambaa.

Humohumo Aquarium ndo mwaka 1877 binti jukwaani anaitwa Zazel alirushwa kutoka kwenye mzinga, wa kwanza kujulikana kwa hiyo kazi. Mzinga ulikuwa wa springi, baruti ilipigwa kwa ajili ya kelele na moshi, binti akadondokea kwenye wavu. Alikuwa kinda bado. Kelele zikapigwa bungeni, na 1879 ikapita sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka 14 kwenye maonyesho ya hatari. Ukumbuke mwanzoni nilisema Anna kaanza na miaka tisa. Sheria ilimkuta ameshakuwa staa.

Mchana nimepanda basi mpaka Hoxton kuona chuo chao cha sarakasi, National Centre for Circus Arts. Hapo tena nikapata wivu. Jengo ni kituo cha umeme cha zamani, mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wanachoma takataka za mtaa kupata umeme, mashine zikaondolewa yakabaki makumbi marefu yenye dari za kufa mtu. Sasa wanafunzi wananing'inia pale palipokuwa na majenereta. Mi nimeanza kuorodhesha kichwani maghala ya zamani ya Dar na Tanga, ya katani, ya pamba, ya korosho kule Mtwara, yana mabati na panya na boriti ambazo hazina kazi.

Usiku nimekaa na kaka wa Likoni. Alikuwa mtu wa chini ya piramidi, yule anayebeba wote, miaka mingi, Ulaya nzima. Goti likaondoka, mkataba haukuwa na bima ya maana, kampuni ikamsindikiza mlangoni na asante. Siku hizi anafunga vyuma vya jukwaa kwenye matamasha, ana leseni zake, anapanda na mkanda wa usalama kiunoni, analipwa vizuri kuliko alivyowahi kulipwa akiwa anapigiwa makofi.

"Sikiza dadangu," kaniambia huku anakatakata sukuma, "wewe una miaka mingapi sasa?"

Nikamwambia.

"Basi soma hii kazi ya vyuma ungali wapanda. Usingoje bega likwambie."

Nikamuuliza anamisi nini. Kafikiri, kasema hamisi makofi, anamisi ile sekunde watu sita wamemsimamia na yeye ndiye anayejua peke yake kama leo watashuka salama. Sukuma zilikuwa nzuri, ugali mgumu.

Jumapili, narudi

London Waislamu wengi wamesali Idi leo, mtaa wote kanzu na watoto na viatu vipya. Nimempigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshuka huko juu?"

"Nimeshuka mama, niko likizo."

"Likizo ukatazame wenzako wanaoning'inia!"

Nikamtumia picha ya mchoro. Baada ya muda kajibu kwa sauti, anauliza huyo dada meno yake yalibaki? Katika watu wote wiki hii ni mama na yule afisa wa mpakani tu waliofikiria meno. Nikamwambia yalibaki ya kutosha kuuma mzinga.

Nikiwa St Pancras nasubiri treni akaandika mwenye hema la mwezi wa saba. Anasema kimo cha kufungia ni mita tano na nusu, na ameona kwenye video nafanya mdondoko mrefu, anaupenda, nifanye huohuo, na ngoma tayari amekodi. Mdondoko ule unakula mita nne na mwili wangu haujakunjwa. Nimemjibu nataka mita saba au namba inabadilika, nataka karatasi ya uzito wa ile nguzo, nataka jina la atakayekuwa kwenye winchi na nifanye naye mazoezi siku mbili kabla ya watu kuingia. Kakaa kimya mpaka treni imetoka kwenye tunnel upande wa Ufaransa. Halafu ujumbe ukaingia: mita sita na themanini kwa kuinua nguzo, karatasi atatuma kesho, wa winchi ni shemeji yake, hanywi.

Sita na themanini inatosha. Kuhusu ngoma sijamjibu.